Udongo wa Kuzibia Ufa

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao, maana hadithi hii ikifika mwisho inadai jibu, na hapa hakuna wa kumjibia mwenzake. Kila mtu ashike fikira zake mkononi. Haya, tunaanza.

Huko Uluguru, kwenye mteremko mkali unaoitwa Kilambwa, aliishi bibi mmoja jina lake Apolonia. Watu walimwita Bibi Ufagio, naye hakukasirika, alifurahi. Kila alfajiri ufagio wake ulisikika, chwa, chwa, chwa, kuanzia mlangoni hadi ukingo wa uwanja. Hakuacha jani, hakuacha unyasi. Kichipukizi cha ukoka kikithubutu kutokeza, alikiinamia akaking'oa kwa vidole. "Uwanja wa mwanamke ndio uso wake," alipenda kusema, na wanawake waliopita njiani walikaza mwendo kwa aibu ya viwanja vyao wenyewe.

Nyumba ile alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na mama yake. Kwao ardhi hufuata upande wa kike, na nyumba hupewa mmoja tu, haigawanywi kama maandazi. Ilikuwa nyumba ya udongo, vyumba viwili na jiko, imekaa juu ya kipande cha tambarare kilichochongwa mlimani. Nyuma yake, upande wa juu, nyuma ya migomba, kulikuwa na kichuguu kikubwa cha zamani.

Nyumba ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukuta wa chumba cha Bibi ulipasuka kila mwaka. Sasa Bibi Apolonia si mtu wa kungoja. Si wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi akaziba! Kila masika yakiisha alipanda nyuma ya migomba na jembe lake, akachimba udongo wa kichuguu, maana hakuna udongo unaoshika kama ule, akaukanda kwa miguu, akakandika ukuta mpaka ukang'aa. Mwaka uliofuata ufa ulirudi, mpana kuliko wa kwanza. Bibi akapanda tena na jembe. Alifanya hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mawe ya msingi, ambayo mama yake aliyafukia yote, sasa yalikuwa nje kama meno ya mzee. Kizingiti cha mlango, ambacho zamani mtoto anayetambaa alikivuka, sasa kilitaka jiwe la kukanyagia. Bibi aliliona hilo, akadhani nyumba inainuka.

Alikuwa na wajukuu watatu wa kike, watoto wa binti zake, na wote walilelewa uwanjani pale. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Skolastika alikuwa na miguu. Msicheke, najua hata ninyi mna miguu. Yake ilikuwa na masikio. Tangu utotoni alikataa viatu, na nyayo zake ziliijua ardhi ilivyo chini kabla jicho halijaona kitu. Wakienda shamba, ghafla angesimama, "Msikanyage hapo, chini pako wazi," na wakichokoa kwa fimbo wanakuta tundu la fuko. Yeye ndiye aliyeishi na Bibi, akamchotea maji na kumkanda mgongo.

Domitila alikuwa na ulimi. Huyu tangu mdogo alilamba kuta mvua ya kwanza ikinyesha, akachapwa, akalamba tena. Aliujua udongo wa Kilambwa wote kwa ladha, huu wa mtoni, huu wa barabarani, huu wa jikoni kwa mama fulani. Sasa alikuwa mjamzito, miezi imesogea, na hamu ikawa balaa. Nesi wa kliniki alimwambia damu imepungua na udongo una minyoo, aache. Mumewe, Bruno, akamwapisha. Domitila akaweka mkono tumboni, akaapa kwa mtoto wake kwamba udongo hautapita tena kinywani mwake.

Tekla alikuwa na mikono. Jembe likiwa kwake, ardhi ilisogea yenyewe. Ndoa yake ilivunjika akarudi na sanduku moja, akalima bustani ya njegere kando ya nyumba, upande wa kulia, na njegere zile ndizo zilizokuwa zimwanzishie maisha upya. Lakini Bibi hakumpenda sana kwa jambo moja. Alimpa kona ya uwanja karibu na jiko aifagie, naye hakufagia. Ukoka ukatambaa pale ukawa kama mkeka.

"Nyasi zinashika udongo, Bibi," Tekla alisema.

"Nyasi zinashika nyoka!" Bibi alijibu, na siku hiyo akamnyima chakula.

Basi mwaka mmoja ufa ukarudi mpana kiasi cha kuingiza mkono wote. Bibi akauingiza mkono, akausikia upepo wa nje kwenye vidole, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Akamwita kaka yake, mzee Kosmas, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akawaita na majirani, akasimama mlangoni.

"Mimi nimechoka," alisema. "Mjukuu wangu atakayeiponya nyumba hii, nyumba ni yake na uwanja ni wake. Mmoja, sio wawili. Mnasikia?"

Mzee Kosmas akakohoa kikohozi chake kirefu. "Dada, umesema mbele za watu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nimeyamwaga mwenyewe, kaka. Sitayazoa."

Mkumbuke neno lenyewe alilolisema. Atakayeiponya nyumba. Wengine leo wanaligeuzageuza.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha kutwa kucha, haina breki. Jumapili moja mchana wajukuu wote watatu walikutana kula kwa Bibi. Bibi alikuwa chumbani kwake, amejilaza, magoti yanamsumbua kwa baridi. Skolastika akaingia na sahani ya ugali. Alipofika katikati ya chumba akasimama. Vidole vyake vya miguu vikajikunja.

"Bibi, kuna kitu kinatembea."

"Panya," Bibi alisema. "Lete chakula."

"Sio panya. Kiko chini. Kinapita chini ya nyayo zangu na hakiishi." Akaiweka sahani chini. "Toka nje, Bibi."

"Mvua yote hii nitoke nikafanye nini, nikaoge? Mama yangu alifia kitanda hiki, na mimi nitafia hapa. Lete chakula, kitapoa."

Skolastika hakubishana. Alimnyanyua Bibi kitandani akamtupia mgongoni, na Bibi akaanza kumpiga ngumi za mabegani. "Nishushe! Nishushe, mtukutu wewe! Unanidhalilisha!" Walipofika mlangoni sakafu ikafunguka. Mguu wa kulia wa Skolastika ulizama mpaka gotini, na jiwe la msingi lenye ncha likamchana unyayo mzima. Alipiga kelele, lakini hakumwachia Bibi. Alimsukuma nje kwenye mikono ya Tekla, ndipo akauchomoa mguu, damu zinachuruzika.

Bibi akageuka kumtukana. Hapo akaona kitanda chake, kitanda cha mninga alichozalia binti zake wote, kimeinama upande. Miguu miwili ikazama. Kikasimama wima kama mtu anayeamka, kikaenda chini. Pale alipokuwa amelala pakabaki shimo jeusi linalonguruma.



Majirani wakaja mbio na mashuka ya nailoni vichwani. Wakamketisha Bibi juu ya kinu kilichopinduliwa, mbali na ukuta. Kutoka pale aliona kila kitu. Uwanjani, chini ya mawe ya msingi, ardhi yake safi isiyo na jani ilikuwa imetoboka mashimo, na kila shimo lilitapika maji mazito ya rangi ya kahawa. Chumba chake kilikuwa kinaliwa kutoka chini, na cha pili kingefuata.

"Zibeni!" alipiga kelele jirani yake, Baba Gaspari, mtu mwenye sauti. "Zibeni mashimo, nyumba inaenda!"

Watu wakaziba. Wakajaza mawe, wakajaza magunia, mwanamke mmoja akavua kanga yake ya pili akaisokomeza. Maji yakakoma. Watu wakashangilia. Bibi naye akainua mikono kumshukuru Mungu, na mikono ikiwa bado juu akaona ukuta wa mbele unavimba tumbo. Maji yalianza kutoka kwenye ufa, urefu wa mtu kutoka chini.

"Zibeni na huo!"

Wakati wanatafuta cha kuzibia, Domitila, na tumbo lake lile, alipiga magoti kwenye tope. Akachota kwa vidole viwili, akatia kinywani.

Bibi alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Nyumba ya mama yake inakufa, na mjukuu wake anakula mbele za watu! "Domitila! Hata leo? Hata leo, mlafi wewe?"

"Nyamaza kidogo, Bibi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bibi Apolonia anyamaze. Domitila alitema, akachota tena kwenye shimo jingine, akafumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono wake mwingine ulishika tumbo.

"Udongo wa uwanja huu una majivu," alisema. "Wa mteremko una mchanga, unakwaruza meno. Huu ni laini, na kwa mbali una uchachu. Huu ni udongo wa kichuguu."

"Kichuguu kiko nyuma, binti," Baba Gaspari alisema kwa hasira. "Hapa ni mbele."

"Ndiyo, baba. Umefikaje mbele?"

Watu wakatazamana. Kisha wote wakakimbia nyuma ya nyumba, na Bibi akajikokota nyuma yao akishika ukuta, magoti yanamwaka moto.

Wakatenga majani ya migomba. Nusu ya kichuguu haikuwepo. Pale palipokuwa na nusu hiyo palikuwa na shimo pana lenye kina, na maji yote ya mlima yalikuwa yanaingia humo. Lakini shimo halikujaa. Maji yalizunguka katikati yake, yakafanya kitovu, yakanywewa na ardhi. Yalikuwa yanaingia kwenye mapango ya mchwa.

Domitila akanyosha kidole kutoka shimoni kwenda kwenye nyumba. "Yanaingilia hapa. Yanapita chini ya nyumba, yanatokea uwanjani, na yakitoka yanabeba udongo. Na sisi tumeyafungia mlango wa kutokea, kwa hiyo yako ndani, yanapanda. Fungueni kule, haraka! Pa kuziba ni huku."

Watu wakarudi mbio kufungua. Bibi alibaki amesimama ukingoni. Kwenye kuta za lile shimo aliona alama za jembe, moja juu ya nyingine, za zamani zimeota ukungu na za mwaka jana bado kali. Aliyajua mapigo yale. Yalikuwa yake, alichimba kutokea upande wa kushoto, maana bega la kulia lilimuuma. Udongo wa kuzibia ufa ndio uliomchimbia ufa. Na mawe ya msingi yaliyo nje, na kizingiti kilichopanda? Nyumba haikuinuka hata kidogo. Uwanja ndio ulioshuka, tabaka kwa tabaka, alfajiri kwa alfajiri, chwa, chwa, chwa, mpaka mapango ya mchwa yakapata pa kutokea. Huku juu alichimba, kule chini alifagia. Alijisikia kama amechomwa kisu, na akatamani kile kitanda kingeondoka naye.

Mnasema Bibi ni mjinga? Basi nyosheni mikono ambao hamfagii. Nilijua.

"Tuyatoe maji humu shimoni, yasiingie tena," Baba Gaspari alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mtaro uchimbwe. Lakini yaende wapi?"

Kushoto ilikuwa nyumba ya Baba Gaspari mwenyewe, na wanawe wamo ndani. Kulia ilikuwa bustani ya Tekla, njegere zimepanda vijiti vyake, zimejaa maua meupe. Hakukuwa na upande wa tatu.

Watu wote wakamtazama Tekla. Bibi angemwomba nini mtoto ambaye yeye alimnyima chakula kwa sababu ya nyasi?

Tekla hakungoja aombwe. Alitema mate viganjani, akashika jembe, akashuka ukingo wa kulia. Palikuwa pembamba, pa mtu mmoja tu, na kila pigo lilimegua ardhi chini ya miguu yake. Baba Gaspari akamfunga kanga kiunoni akashika ncha. Mara mbili ukingo uliporomoka, mara mbili Baba Gaspari akamvuta, na Tekla akarudi palepale. Nyuma yao nyumba ilitoa mlio, na kipande cha paa la chumba cha Bibi kikaanguka ndani. Tekla hakugeuka.

Mtaro ukatoboka. Maji yakapata njia, yakaruka kuelekea kulia. Watu wakapiga vigelegele. Lakini Tekla alikuwa anatazama chini ya mtaro, na uso wake ukabadilika. Maji yalikuwa yanaukata. Mtaro ulikuwa unajichimba wenyewe, unashuka, na ukuta wake wa ndani unasogea kuelekea nyumba.

"Ukoka!" alipiga kelele. "Kateni ukoka wa kona yangu! Na udongo wake! Leteni!"

Wakakata kwa mapanga, vipande vikubwa kama mito ya kulalia, mizizi inaning'inia. Watu wakajipanga mstari wakapokezana. Na katika mstari ule, nani alikuwa amekumbatia pande la ukoka kifuani, tope linamtiririkia tumboni? Bibi Ufagio. Alilifikisha mwenyewe mkononi mwa Tekla. Tekla akalipokea, akalilaza, akalikanyaga. Akalaza jingine, na jingine, mpaka maji yakateleza juu ya nyasi na hayakupata pa kung'ata.

Yakaingia kwenye njegere. Safu ya kwanza ikalala, ya pili ikafuata, kisha bustani yote ikaondoka na vijiti vyake na maua yake, ikatelemkia bondeni. Tekla alisimama na jembe akitazama mpaka safu ya mwisho. Halafu akakaa chini kwenye tope, akalia kwa sauti.

Mvua ilipokwisha nyumba ilikuwa imebaki na chumba kimoja na jiko. Imesimama.

Kiangazi kile wakafanya kazi wote. Wakaziba mapango ya mchwa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, wakaushindilia kwa michi. Wakapandisha uwanja mpaka mawe ya msingi yakafichika tena. Wakapanda ukoka kila mahali, mpaka mlangoni. Asubuhi za kwanza Bibi aliamka, akashika ufagio kwa mazoea, akausimamisha ukutani, akakaa kizingitini mikono haina kazi. Uwanja ulimtazama na nywele zake kichwani, naye aliona haya kama mtu aliyetoka nje bila kuvaa.

Kisha mzee Kosmas akaja na kikohozi chake. "Dada, neno lako. Vuli haiko mbali."

Wakakusanyika palepale uwanjani. Na kabla hamjanikatiza, niwaambie kabisa msije mkanijibu "wagawane". Chumba ni kimoja. Palipokuwa na chumba cha Bibi hapajengeki tena, wala pembeni hapajengeki, mlima ule sasa unabeba nyumba moja ndogo na basi. Na neno lilikuwa mmoja, sio wawili.

Bibi alisema, "Kila mmoja aseme lake. Mimi nasikiliza."

Skolastika akasimama. Alikuwa anachechemea. Kidonda kilipona, lakini unyayo wa kulia haukusikia kitu tena. Unaweza kuweka kaa la moto chini yake asijue.

"Bibi, mimi nilisema kabla mtu yeyote hajajua. Ningenyamaza, ungekuwa chini ya kitanda, na hawa wangekuwa wanachimba kaburi, sio mtaro. Mguu wangu umebaki mle ndani."

"Dada, samahani," Domitila akasema. "Wewe ulimponya Bibi, na Mungu akubariki. Lakini neno lilikuwa nyumba." Mtoto wake alikuwa mgongoni, kidume, kimelala. "Watu wote hawa walikuwa wanaiua nyumba kwa kuiziba. Ugonjwa usiojulikana unatibiwaje? Mimi niliujua. Na nilivunja kiapo changu kuujua. Bruno aliniona na tope mdomoni, akasema mwanamke anayemwapia mtoto uongo hawezi kukaa naye. Ameshuka mjini, na tangu siku ile sijamwona."

"Nakupa pole," Tekla akasema. "Lakini kujua hakukuchimba mtaro. Mlisimama pale mnajua wote, na maji yanaendelea kuingia." Akaitazama mikono yake. "Sikumwokoa mtu. Sikugundua kitu. Nilichimba, na nikayapitisha juu ya mali yangu yote. Na ukoka ule, Bibi, ulikuwa wa kona yangu."

"Usingepajua pa kuchimba," Domitila akasema.

"Na wewe usingepata cha kuonja," Skolastika akamwambia Domitila, "kama Bibi angekufa kwanza, tungekuwa tunalia, nani angekumbuka maji?"

"Basi!" Bibi akasema.

Ufunguo wa nyumba ulikuwa kwenye pindo la kanga yake, umefungwa fundo tangu mama yake alipoufunga. Fundo likakataa, akalivuta kwa meno. Lilipofunguka, alinyosha kiganja na ufunguo juu yake. Akawatazama wale watatu. Yule aliyembeba huku yeye anampiga ngumi. Yule ambaye yeye alimwita mlafi. Yule ambaye yeye alimnyima chakula.

Hakuna aliyenyosha mkono. Wote watatu walikuwa wameificha mikono nyuma.

"Mbona hampokei?" Bibi aliuliza. "Si mnaitaka?"

"Tunaitaka, Bibi," Tekla akasema. "Kila mmoja anaitaka, na hatuna pengine pa kwenda. Lakini akipokea mmoja, wawili wataondoka. Vuli ikija, mwenye nyumba akiwa na miguu, nani ataonja? Akiwa na ulimi, nani atachimba? Akiwa na mikono, nani atamwambia kwamba chini kunatembea?"

Bibi akamgeukia kaka yake. Mzee Kosmas alitikisa kichwa polepole. "Maji yalikwisha kumwagika, dada. Mpe mmoja."

Upande wa Morogoro mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Kiganja cha Bibi kilikuwa bado wazi.

Mpaka hapo nimefika, na mzigo nautua mbele yenu, mimi mabega yangu yamechoka. Mguu ulioonya, ulimi uliojua, mkono uliotenda, na ufunguo mmoja. Je, wewe ungeamua vipi? Ungeuweka mkononi mwa nani? Na hao wawili wengine, ungewaambia nini machoni pao? Jibuni, msiangalie chini. Bibi amenyosha mkono, na mvua haimsubiri mtu.